Mama Maulizo na Gharama ya Jibu

Ukipiga simu kwenye kampuni yetu miaka ile, kabla hujaifikia shida yako ulipitishwa kwanza kwenye afya ya watoto, mvua za kwenu na hali ya mifugo. Aliyekupitisha huko alikuwa mkuu wa kitengo cha maulizo, mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye wateja kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa walimwita Mama Maulizo. Sisi tuliofanya kazi chini yake tulimwita hivyo pia, ila akiwa karibu tulisema "Mkuu", kwa sababu alikipenda cheo chake na hakuona haja ya kulificha jambo hilo. Mlangoni pake palikuwa na kibao cha shaba chenye cheo hicho, na asubuhi ya Jumatatu alikisugua kwa ncha ya khanga mpaka kikang'aa. Kama kuna mfanyakazi aliyepita wakati huo bila kukiangalia, alimrudisha kwa salamu ya pili.

Tulikuwa tunauza mashine za kusaga, injini za dizeli na pampu za maji. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Vitu ambavyo zamani ulivipata kwa kibali na kujuana sasa vilipangwa kwenye veranda za maduka, na kila mfugaji aliyekuwa na ng'ombe wa kutosha aliuza wachache akarudi kijijini na mashine. Tatizo ni kwamba mashine zilitoka nchi za mbali, na vitabu vyake vya maelekezo viliandikwa kwa lugha ambazo hata mwenye kampuni hakuzijua. Kwa hiyo mashine ikikataa, mtu alikuwa na njia mbili: aipige teke, au atutafute. Wengi walianza na teke.

Namna yake ya kuagua mashine ilikuwa gumzo la ofisi. Hakumuuliza mteja ni kifaa gani kimeharibika, maana mteja angekuwa anakijua asingepiga simu. Alimwambia aige mlio. Mtu mzima mwenye wajukuu angesimama kwenye kibanda cha simu huko alikokuwa, watu wakimtazama, akafanya "pu-pu-pu-tiii" mpaka pumzi imwishie. Mama Maulizo angefumba macho, aitikie kwa kichwa, kisha aseme, "Sasa iige ilivyokuwa ikiwa nzima." Baada ya hapo alitoa jibu. Mara nyingi alipatia. Siku moja alimwigisha mteja wa Bahi milio ya kila aina, akamshauri afungue hiki, akaze kile, na mwishowe ikabainika kwamba tangi halikuwa na dizeli. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, halafu akatuamuru tangu siku hiyo swali la kwanza liwe la dizeli.

Jambo ambalo lingeweza kukushangaza ni kwamba mwanamke huyu, aliyekuwa mkali wa kupima mambo akiwa kazini, hakuwa na breki akifika soko la Majengo. Wachuuzi wa pale walimjua. Alinunua redio iliyocheza kaseti upande mmoja tu. Alinunua jiko la mafuta ya taa lililokunywa mafuta kuliko lori. Alinunua viatu vizuri sana, vyote viwili vya mguu wa kushoto, na alipogundua alisema labda mwenye vile viwili vya kulia yuko Dodoma hii hii na siku moja watakutana. Tukimtania, alijibu kwa utulivu.

"Bei ni mlango tu, mdogo wangu. Gharama ni nyumba nzima. Mimi nikiwa sokoni napenda milango."

Lakini kazini alikagua nyumba nzima, hadi choo cha nje. Nadhani ukali ule ulimkolea baada ya mambo ya Kibaigwa.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kibaigwa mwenye mashine ya kusaga, mteja wetu wa siku nyingi. Alipiga simu katikati ya msimu wa mahindi, mji umejaa malori na madalali, akasema mashine inatetemeka. Siku hiyo simu zilikuwa nyingi na Mama Maulizo alikuwa na haraka. Hakumwomba aige mlio. Alimwambia akaze mkanda. Yule mama akakaza, akawasha, na beringi iliyokuwa imechoka ikavunjika kabisa. Kumbe mkanda haukuwa na shida yoyote.

Mama Maulizo hakumtuma fundi peke yake. Alipanda naye lori la mizigo, akakaa juu ya magunia na mkoba wake mapajani. Fundi alipokuwa anafungua mashine, yeye alikwenda kukaa pale walipokaa wanawake waliokuja kusaga, na ndoo zao za mahindi mbele yao. Walikuwa hawamjui. Wakamsimulia, bila kupunguza, juu ya mpumbavu fulani wa Dodoma aliyeua mashine kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo mpumbavu ndiye mimi, nimekuja kuomba radhi." Fundi alituambia kwamba bibi mmoja alisogea kwenye benchi akampa nafasi ya kukaa vizuri zaidi.

Aliporudi nywele zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Alikusanya kitengo kizima.

"Jibu langu lilinichukua dakika, na sikumtoza mtu hata senti," alisema. "Lakini watoto wa mtaa mzima wamelala na uji wa kuazima. Kwa hiyo msiniambie tena kwamba jibu ni bure."

Basi ulipofika wakati wa kompyuta, mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua.

Mwenye kampuni, ambaye tulimwita Mkurugenzi, alikuwa mpenzi wa kila kitu kipya. Alirudi kutoka kwenye maonyesho Dar es Salaam akiwa na mkoba wa vipeperushi na wazo moja. Majibu yote tuliyokuwa nayo vichwani yaingizwe kwenye programu ya kompyuta. Mteja akiuliza, mhudumu anaandika neno, jibu linatokea. Hapo tu, alisema, watu wawili wangeweza kufanya kazi ya watano. Tulikuwa watano. Tukaangaliana.

Tulidhani Mkuu atapinga. Hakupinga. Alisema ni wazo zuri na limechelewa, maana yeye akiugua malaria majibu ya nusu ya mkoa yanaugua naye. Nikamfuata chumbani kwake.

"Mkuu, si umesikia hesabu ya watu wawili?"

"Nimesikia."

"Na bado unasema ni zuri?"

"Nimesema wazo ni zuri. Sijasema hesabu ni nzuri. Leta chai."

Walikuja wauzaji watatu. Wa kwanza alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye tai nyekundu na kompyuta ya kubebea. Programu yake ilitoka ng'ambo, ilikuwa na rangi za kuvutia, na malipo ya kuanzia yalikuwa madogo mno. Mkurugenzi alitabasamu aliposikia. Wa pili alikuwa dada mmoja wa Morogoro, mpole, asiye na maneno mengi. Yake ilinunuliwa mara moja tu kwa bei iliyomfanya Mkurugenzi aache kutabasamu. Wa tatu alikuwa mwalimu wa kompyuta wa hapa hapa mjini. Yeye alisema programu za namna hiyo zinapatikana bure kabisa, na angetuwekea kwa pesa ya chai.

Mama Maulizo aliwauliza wote maswali yale yale, kwa sauti ile ile nyembamba ya kuuliza habari za watoto. Kwa yule wa tai nyekundu ikajulikana kwamba malipo yale madogo ni ya mtu mmoja, na kila anayeongezeka analipiwa, na mwaka ukigeuka yote yanarudiwa. "Na tukiacha kulipa, majibu yetu tunayachukua?" aliuliza. Kijana alisema hapo ingebidi awasiliane na makao makuu. Kwa mwalimu aliuliza, "Ikiharibika wewe ukiwa darasani, tunamwita nani?" Mwalimu alikuwa mkweli. Alisema tungemsubiri atoke.

"Basi hata cha bure tukipime," alisema Mkuu. "Punda wa zawadi anakula sawa na punda wa kununua."

Kisha akafanya jambo ambalo Mkurugenzi hakulitegemea. Alimpa kila muuzaji majibu machache ya kuingiza kwenye programu yake, na akawaomba wote waje siku ya mnada wa ng'ombe, wakati wateja wanapojaa ofisini, wakae kwenye dawati letu na wajibu wao.

Wa kwanza kuingia alikuwa mzee mrefu mwenye mgorole begani na fimbo mkononi. Mama Maulizo alimsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," naye akaitikia, na baada ya kuulizana hali akaelekezwa kwa yule kijana wa Dar es Salaam.

"Shikamoo mzee. Tatizo ni nini?"

"Marahaba. Mashine yangu imenuna."

Kijana aliandika "imenuna". Hakuna kilichotokea. Akafikiri, akaandika "haiwaki". Napo patupu, kwa kuwa jibu tulilompa lilisema "injini kushindwa kuwaka", na kwa kompyuta yake "haiwaki" na "kuwaka" yalikuwa maneno yasiyojuana.

"Mzee, yaani haiwaki?"

"Mimi sikusema haiwaki. Inawaka, inafanya kazi kidogo, halafu inanuna."

Mwalimu alijaribu kwenye yake. Dada wa Morogoro alijaribu kwenye yake. Zote zilinuna pamoja na mashine ya mzee. Foleni ilikuwa inarefuka na watu wameanza kusogea kutazama. Hatimaye Mama Maulizo alisema, "Mzee, hebu iige."

Mzee alikabidhi fimbo kwa jirani yake, akavuta pumzi. "Tu-tu-tu-tu-tu, tuu, tuuu, tuuuu." Akashusha mabega, akanyamaza kama injini.

"Dizeli haipiti. Chujio limeziba, litoe ulisafishe. Ukirudisha toa upepo kwenye bomba."

Wale wauzaji hawakuaibika, na yeye hakutaka waaibike. Aliwaagizia soda, akavuta kiti.

"Nisaidieni," aliwaambia. "Ili kompyuta ielewe kununa, nani anaifundisha?"

Yule wa tai nyekundu alianza kueleza juu ya toleo linalokuja. Dada wa Morogoro alikuwa ameinamisha kichwa anatazama chupa yake.

"Mama, ukweli ni mtu," alisema. "Lazima awepo mtu wa kuandika maneno jinsi wateja wanavyoyasema. Na mashine mpya zikija aandike upya. Na majibu yaliyopitwa ayaondoe, la sivyo baada ya muda itakuwa inawadanganya. Hiyo si kazi ya wiki mbili. Ni kazi ya siku zote."

"Mtu huyo yumo kwenye bei yako?"

"Hayumo."

"Na kwenye za wenzako?"

Dada aliwatazama wenzake. "Hayumo kwa yeyote. Ila huwa hatumtaji."

Kikao cha uamuzi kilifanyika ofisini kwa Mkurugenzi, na Mama Maulizo alinichukua mimi nikaandike kumbukumbu. Hakupeleka makaratasi mengi. Alisema programu ya dada wa Morogoro ndiyo ghali mlangoni na ndiyo nafuu ukikaa ndani, na kwamba inahitaji mtu mmoja wa kuilisha, asiyefanya kazi nyingine. Na wale watano wabaki kwenye simu, maana biashara inakua.

Mkurugenzi alivua miwani.

"Nimekutuma ulinganishe programu, umeniletea maombi ya ajira?"

"Nimelinganisha, bosi. Zote tatu zinataka mtu. Tofauti yake ni kwamba mmoja amekubali kusema."

"Mshahara wa huyo mtu kwa miaka michache unapita bei ya programu yenyewe."

"Ndiyo hiyo gharama. Programu ni sufuria tu. Wewe unataka kununua sufuria, umfukuze mpishi, halafu ule."

Mkurugenzi alikwenda dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameahidi benki kwamba atapunguza matumizi. Aligeuka akasema hataajiri mtu mpya, hilo haliwezekani. Atanunua ya Morogoro, na hatapunguza mtu kwenye simu kwa sasa, lakini mlishaji atoke humo humo ndani. Atoke nani, hajui, ila awe anayajua majibu yote.

Nilimwona Mama Maulizo anashika ukingo wa meza. Katika watu wote waliokuwa mle kampunini, aliyeyajua majibu yote alikuwa mmoja. Na kazi ya kulisha kompyuta haikuwa na cheo, haikuwa na posho ya mkuu, na chumba chake kingekuwa kile cha nyuma tulichowekea magaloni matupu.

"Na kibao changu?" aliuliza.

"Mkuu ni anayeongoza kitengo," Mkurugenzi alisema kwa upole. "Ukiwa kule hutakuwa unaongoza."

Aliuachia ukingo wa meza. Halafu akasema, "Sawa. Ila magaloni yatolewe leo, yananuka."

Sitamfanya malaika. Alilalamika mwaka mzima. Alilalamikia kiti, alilalamikia kompyuta iliyokuwa inawaka polepole "kama mtu aliyeamshwa usingizini kupokea mgeni", alilalamikia umeme uliokatika kila alipokuwa hajahifadhi. Mimi ndiye niliyepewa nafasi yake, na aliniletea kile kibao yeye mwenyewe, akanionyesha ncha ya khanga inavyokunjwa ili shaba isichubuke. Tangu hapo nilikuwa mkuu mimi, na amri zilikuwa zinatoka chumba cha magaloni.

Pia alizikosa simu. Zikilia sana alitokea mlangoni akidai anatafuta kalamu, akanyakua mkono wa simu ulio karibu, na tukamsikia anaulizia mvua za Kongwa. Tulimwacha. Ilikuwa kama kumnyima mtu chumvi.

Lakini ile kazi aliifanya. Alikaa na kila mhudumu akimuuliza wateja wamesemaje leo, kwa maneno yao wenyewe. Aliandika kununa, kukohoa, kususa, kupiga chafya, kula mkanda, kutapika mafuta. Aliandika na namna Wagogo wanavyosema, na namna Warangi wanavyosema. Alipoandika jibu alilisoma kwa sauti, na kama lilimchosha yeye alilifupisha. Zilipokuja injini za aina mpya alifuta ya zamani bila huruma, hata majibu aliyokuwa anajivunia.

Kampuni moja jirani ilinunua ile ya tai nyekundu. Mwanzo walitucheka kwa bei tuliyolipa. Walipoongeza wafanyakazi, malipo yakaongezeka, wakaamua kulipia mtu mmoja tu. Ukienda kuuliza spea pale ulikuta foleni mbili, moja ya wateja mbele ya dawati na nyingine ya wahudumu mbele ya kompyuta.

Nasi siku moja mchana, msimu wa mahindi, simu ililia kutoka Kibaigwa. Alikuwa yule yule mama mwenye mashine. Aliyepokea alikuwa binti mgeni kazini, aliyeshika nafasi ya mwenzetu aliyeacha, ambaye hakuwahi hata kuona beringi. Nikasimama nyuma yake. Mama alisema mashine inatetemeka kama yenye homa. Binti aliandika "homa". Likatokea jibu lenye maswali na maagizo mafupi kwa mpangilio, na la kwanza lilikuwa la dizeli, la pili lilikuwa hili: zima kwanza, usikaze kitu chochote, shika hapa usikilize. Alimsomea taratibu. Ikajulikana ni beringi tena, na fundi wa Kibaigwa akatumiwa nyingine kwa basi la jioni hiyo hiyo. Nilikwenda chumba cha nyuma kumwambia Mama Maulizo. Alikuwa anaandika. Hakugeuka, ila vidole vyake vilisimama.

"Binti alisoma mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Hakuruka?"

"Hakuruka neno."

"Basi mpe chai," alisema, akaendelea kuandika.

Alistaafu kwa sherehe ya pilau, akaondoka na cherehani tuliyomchangia. Sikumwona kwa miaka mingi. Nilisikia tu kwamba amejenga Mkonze, pembeni ya mji, anafuga kuku, na anaimba kwaya ya kanisani, sauti ya kwanza, ambapo inasemekana anawatangulia wenzake mstari mzima.

Juzi juzi nilikwenda Mkonze kutazama kiwanja. Nikiwa nimesimama na mwenye kiwanja tunaonyeshana mipaka, tuliona gari dogo la rangi ya maziwa likija kwenye barabara ya vumbi, linaruka na kusita, linaruka na kusita, kuku wakikimbia huku na huku. Likasimama mbele yetu kwa mshtuko mmoja. Kwenye usukani alikuwa Mama Maulizo, miwani imeshuka puani. Pembeni yake alikaa mwanamke wa makamo mwenye fulana ya shule ya udereva, ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mkuu," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndiye mkuu. Umenenepa."

Alishuka, akanikumbatia, akauliza watoto mmoja mmoja, akauliza mvua, akauliza ofisi. Nilimwambia ofisi ipo, na kwamba wahudumu wa siku hizi hawamjui kwa sura lakini wanaendelea kuandika maneno ya wateja kila jioni, wakidhani ni sheria ya serikali. Alicheka kwa sauti yake ile nyembamba. Nilizunguka gari lake. Magurudumu yalikuwa yamekwisha, mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, na injini hata ikiwa imezimwa ilikuwa inadondosha kitu cheusi mchangani. Mazoea yangu ya kazi yakanipanda.

"Mkuu, hili gari umelipigia hesabu? Mafuta, spea, bima, fundi?"

"Sijapiga," alisema. "Na usinipigie."

"Lakini wewe..."

"Mdogo wangu, nimeishi miaka yote nikiwauliza watu dizeli imo au haimo. Sasa nataka niwe mimi ndiye ninayeishiwa."

Akarudi kwenye kiti, akajifunga mkanda, akamuuliza mwalimu wake kile kikanyagio cha kushoto ni cha nini. Mwalimu akajibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo. Akauliza tena kwa nini kiwe kushoto. Mwalimu akafumba macho. Gari likaruka, likasita, likashika njia kuelekea barabara kuu, taa ya kukatia kona ikiwaka upande wa kulia, nalo likakata kushoto.